Mlingoti Uliopanda Mlima: Njia ya Kwenda Mbozi Mission

Mwanangu wa miaka tisa ana tabia ya kuuliza majina ya miti. Mjini tabia hiyo haina madhara: mwarobaini, mwembe, mkungu, mnazi, basi orodha imekwisha. Mwezi wa sita nilimchukua tukasafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam hadi Mbozi Mission, kilomita takriban 900, na kabla hatujaimaliza mbuga ya Mikumi nilikuwa nimekwisha kujibu "ni mti tu" mara nne. Mimi niliyezoea kuwasahihisha wenzangu mizani na kuwauliza walikolitoa neno fulani, nilijiona fukara wa maneno mbele ya mtoto.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayelitunza shamba la marehemu baba, alikuwa ametangaza kwamba anataka kung'oa mibuni yote na kupanda miparachichi. Mama hakukubali wala hakukataa. Alinipigia simu akasema maneno machache: "Njoo, baba, useme mbele yetu. Jambo la shamba halisemwi kwa simu." Basi nilikuwa na siku mbili za barabara za kufikiri juu ya ardhi, na juu ya maneno tunayoiitia ardhi.

Kiswahili kilizaliwa kikitazama maji. Kwa ajili ya bahari tunayo maneno ya kutapanya. Upepo una kusi na kaskazi, matlai na umande. Maji yana bamvua na maji mafu. Chombo kina omo na tezi, joshi na demani, mlingoti na foromali. Mshairi wa pwani akitaka kusema kwamba mambo yamemharibikia, aghalabu humpandisha msikilizaji chomboni kisha akauvunja mlingoti. Kwa upande wa nchi kavu mizigo yetu ni myepesi. Tunayo bara, na bara huanzia nyuma ya nyumba ya mwisho ya mji. Tunayo nyika, neno lenye kiu ndani yake. Tunayo pori, mbuga, mwitu na msitu, nayo tunayabadilishana ovyo kama watu walioazima nguo.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari zilizoandikwa na watu wa pwani wenyewe. Humo yumo Selemani bin Mwenye Chande aliyekwenda bara kwa biashara. Yumo Salim bin Abakari, ambaye miguu yake ilimfikisha Urusi na Siberia. Yumo pia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule yule wa Desturi za Wasuaheli. Msomaji wa leo akitafuta kwao maelezo marefu ya milima na machweo atatoka mikono mitupu. Nchi kwao ni maji yaliko, chakula kinachopatikana, hongo inayodaiwa na tabia za wenyeji. Zamani nilidhani huo ni upungufu wa sanaa. Siku hizi naona ni adabu ya msafiri: anaeleza alichokihitaji kwa nchi, na hajifanyi kuimiliki kwa macho.

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, hata hivyo, haikupita tunakopita sisi. Ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji. Nyingine ilitoka Kilwa kuelekea Nyasa. Unyiha ulikuwa kando ya njia hizo zote mbili, ingawa wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa waliufikia. Barabara yetu ya leo ni mtoto wa mambo mengine, nami nitayafikia.

Kibaha, Chalinze, Morogoro: sehemu hii niipite haraka kama tulivyoipita, maana msongamano wa magari hauna historia ya kusimulia. Milima ya Uluguru ilibaki kushoto, ikiwa imevaa wingu. Baada ya Mikumi, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964 na ambayo jina lake wenyeji hulihusisha na mivumo, nchi inashuka na kukauka, na hapo mwanangu alipiga kelele ya furaha kwa sababu aliuona mti anaoufahamu. Ni mbuyu. Aliujua kwa sababu ya ubuyu wa kupakwa rangi nyekundu unaouzwa karibu na shule yake. Bonde zima lilikuwa mibuyu, mamia kwa mamia, isiyo na majani, imekaa juu ya mawe kama wazee waliochelewa kuondoka barazani. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa kando yetu, mwembamba. Maji hayo hutoka Usangu, ambako tungepita kesho yake. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi katika eneo la hifadhi ya Ruaha, jambo lililozusha ugomvi usiokwisha baina ya mkulima wa mpunga, mfugaji, mhifadhi na mzalishaji wa umeme. Mtu anayelitazama bonde lile kupitia dirisha la gari haoni ugomvi. Anaona mchanga tu mahali palipokuwa na maji utotoni mwake.

Kisha Kitonga. Hapo barabara hupanda ukuta wa mlima kwa kona, malori yakinguruma kama ng'ombe wazito, na harufu ya breki za yale yanayoshuka ikiingia ndani ya gari hata ukifunga vioo. Baba alikuwa na desturi ya kunyamaza Kitonga. Sisi watoto tulidhani ni hofu. Baadaye nilijua kwamba alikuwa akikumbuka.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia ya Kusini. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ilikuwa ikitoa shaba yake na kuingiza mafuta yake kupitia reli za kusini. Mlango ukafungwa. Mojawapo ya njia zilizobaki ilikuwa hii yetu: barabara ya udongo, yenye vumbi kiangazi na tope masika, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea Kapiri Mposhi. Malori yakaanza kupakia mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi. Yalipinduka, yaliungua, yalizama topeni kwa wiki nzima. Madereva waliifananisha njia hiyo na jehanamu, na jina likadumu hata katika magazeti ya nje. Baba alikuwa utingo katika mojawapo ya malori hayo akiwa kijana, na hakupenda kuulizwa habari zake.

Dola mbili changa hazikukubali kuendelea hivyo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifunguliwa mwaka 1968. Barabara ikajengwa upya na kuwekwa lami kipande kwa kipande, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, Marekani na wengineo. Reli, ambayo Wamagharibi walikwisha kusema haina faida, ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kwa mkopo usio na riba. Kazi ilianza Oktoba 1970, na Julai 1976 kilomita 1,860 zikakabidhiwa. Kwa hiyo lami tuliyokuwa tukiteleza juu yake, mwanangu akilala mdomo wazi, haikuletwa na hitaji la Mnyiha kufika mjini wala la mtu wa mjini kumwona mama yake. Ililetwa na ukombozi wa nchi nyingine. Sisi tulioitumia kwenda likizo tulipata faida ya vita ambayo hatukupigana, na ambayo baadhi ya baba zetu waliipigana kwa kusukuma lori topeni.

Mambo ya miaka hiyo yaliiandika nchi kwa namna nyingine pia. Mtu anayepita leo huona vijiji vimejipanga kandokando ya barabara, nyumba zikitazama lami, mashamba yakiwa nyuma mbali. Mpangilio huo hauna umri mkubwa. Kati ya 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika wakawekwa pamoja, mara nyingi karibu na barabara. Wengine walikwenda kwa hiari. Wengine nyumba zao zilibomolewa nyuma yao. Katika lugha tulipata msamiati mzima: kijiji cha ujamaa, balozi wa nyumba kumi, kaya. Tulichopoteza ni majina ya mahali watu walipohamishwa, kwani jina la kilima kidogo haliishi mahali ambapo hapana tena mtu wa kumwambia mwenziwe "tukutane pale."

Iringa tuliipita kwa chini, Ipogolo, mji wenyewe ukiwa juu ya kilima. Jina lake limetokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na ngome inayokumbukwa ni ile ya Mkwawa huko Kalenga, iliyovunjwa na Wajerumani mwaka 1894. Hapo salamu hubadilika. Muuza nyanya aliyeinama dirishani alisema "Kamwene", nami nikajibu vibaya kwa furaha.

Tulilala Mafinga, na asubuhi yake, katika baridi ambayo mtoto wa Dar es Salaam huiona kama dhuluma, nikapata funzo langu kubwa la safari nzima. Nchi ile imefunikwa na msitu wa Sao Hill, maelfu ya hekta za miti ya kupandwa, imesimama kwa safu kama wanafunzi mstarini. Kamusi huuita mti mmojawapo msonobari, neno tulilolipata kwa Waarabu. Wapanda miti wa huko wengi huuita mpaina. Lakini kando ya nyumba ya wageni palikuwa na kijana anapakia nguzo ndefu nyeupe zisizo na gome. Mwanangu alimwendea, akamwamkia, akauliza kama kawaida yake. Kijana akamjibu: "Hii ni milingoti."

Mwanangu akanigeukia. "Baba, si ulisema mlingoti ni wa jahazi?"

Nilikuwa nimesema hivyo, tena kwa fahari, tulipokuwa tukitazama majahazi bandarini. Mti ambao kamusi zetu huuita mkaratusi, mti uliotoka Australia na kuletwa na wamisionari na wakoloni kwa ajili ya kuni, nguzo na kukausha maji, katika sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini huitwa mlingoti. Neno la chombo cha bahari limepanda mlima, likavuka Kitonga, likatia mizizi na kuota majani mahali ambapo watu wengi hawajaiona bahari kwa macho yao. Limefikaje? Umbo linatosha kueleza sehemu ya jambo: mti ulionyooka, mweupe, usio na matawi mpaka juu. Mimi nakisia kwamba neno lilipitia kwanza kwenye mlingoti wa bendera, kwa kuwa kila boma na kila shule ya zamani ilikuwa nao, na mkaratusi ndio uliofaa kwa kazi hiyo. Watoto walioimba wakiutazama mti ule kila asubuhi hawakuhitaji jahazi ili kulielewa neno.

Nasema lilikuwa funzo kwa sababu muda wote nilikuwa nikihesabu upungufu wa Kiswahili kwa kupima kilichotoka nacho pwani. Sikuhesabu kilichofanywa nacho kilipofika. Fukara nilikuwa mimi, wala si lugha.

Makambako tuliiona reli ya TAZARA kwa mara ya kwanza, maana inatoka Dar es Salaam kwa njia yake, kupitia bonde la Kilombero na mahandaki ya Mlimba, ikaja kuikuta barabara hapo. Toka Igawa, ukuta wa milima husimama kushoto na uwanda wa Usangu hujitandaza kulia, mpunga hadi macho yachoke. Kuanzia Chimala, mtu akisoma vibao vya maduka hahitaji ramani. Majina ya wenye maduka huanza kwa Mwa-, kisha tena Mwa-, na hapo ujue uko katika nchi ya Wanyakyusa na jirani zao, ambako mtu akikushukuru atasema "ndaga". Ukifika karibu na Tunduma, miongoni mwa Wanyamwanga, mwanzo wa majina hugeuka: Si- kwa mwanamume, Na- kwa mwanamke, hata kaka na dada waweze kuwa na ukoo mmoja na majina mawili. Mtunzi wa vina angeifanyia nchi hii ramani kwa silabi za kwanza badala ya za mwisho.

Mbeya, mji ulioanzishwa mwaka 1927 wakati wa dhahabu ya Lupa, tuliuvuka kwa shida ya foleni. Baada ya Mbalizi na bonde la Songwe barabara hupanda tena, na udongo huwa mwekundu. Hapa ndipo kwetu. Kiserikali ni Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kuukata Mkoa wa Mbeya, makao yake yakiwa Vwawa. Mpaka ulio mbele, Tunduma, una umri wa tangu 1890, na asili yake yafaa kujulikana na kila anayekaa katika foleni ya malori huko. Katika miaka ya 1880 Waingereza walikuwa wameanza kuchonga barabara ya kuunganisha ziwa Nyasa na Tanganyika, iliyopewa jina la James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow aliyeigharimia. Walipogawana nchi na Wajerumani, mstari ulichorwa ili barabara hiyo ibaki upande wa Waingereza. Barabara yenyewe haikuwahi kukamilika. Mpaka umekamilika, na umewagawa Wanyamwanga na Wanyiha pande mbili hadi leo. Watu hujenga barabara kwa sababu ya mipaka. Sisi tulichorewa mpaka kwa sababu ya barabara.

Nilipokuwa mtoto, pande hizi bado zilikuwa na miyombo mikubwa. Myombo ni neno tunalochangia na majirani zetu Wabemba, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua kuuita ukanda wote wa misitu unaotoka Angola hadi Msumbiji. Majani yake machanga hutoka kabla ya mvua, mekundu kama shaba, kisha ndipo yawe kijani. Kwa wiki chache mwezi wa tisa na wa kumi, kilima kinakuwa kama kimewashwa. Siku hizi kati ya Mlowo na Vwawa nilihesabu vichaka vichache tu. Mahindi, kahawa, nyumba za bati, na milingoti.

Miti hiyo ya miyombo ndiyo iliyompa Mnyiha kazi iliyomtangaza. Wanyiha walikuwa wafua chuma. Walijenga matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu, yenye matundu chini ya kuingizia hewa, hivyo kwamba moto ulivuta pumzi wenyewe bila mivukuto. Mkaa ulitokana na miti hiyo, mawe ya chuma yalichimbwa vilimani, na kilichotoka katika tanuru kubwa kilisafishwa tena katika dogo kabla ya kufikia nyundo. Majembe yalitoka hapo kwenda kwa majirani. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipozidi kuja kwa bei nafuu, matanuru yakazimika.

Ni ajabu basi kwamba pande la chuma kubwa kuliko yote katika nchi hii halikuyeyushwa na mtu. Kimondo cha Mbozi, katika mlima Marengi, kina urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Sehemu kubwa yake ni chuma, iliyobaki zaidi ni nikeli. Ulimwengu wa nje ulikifahamu mwaka 1930, baada ya mpima ardhi W. H. Nott kuonyeshwa. Wenyeji walikuwa wakikijua na kukinyamazia. Kwa watu wa pwani kimondo ni kile kijinga cha moto kinachorushwa kumfukuza shetani anayesikiliza habari za mbinguni. Neno likatolewa katika imani hiyo likabandikwa juu ya jiwe la Unyiha, na limekaa vizuri sana, hata timu ya mpira ya kwetu ikajiita Kimondo. Safari za neno hazina pasipoti.

Ama Misheni yenyewe, ilianzishwa na Wamoravian mwaka 1899. Walikuwa wamefika Rungwe mwaka 1891, na kutoka huko wakaja kaskazini na magharibi. Aliyeijenga Mbozi ni Traugott Bachmann, aliyekaa hapo hadi vita vilipoiondoa Ujerumani mwaka 1916. Wazee wa kwetu wanamtaja kwa namna isiyo ya kawaida kwa mmisionari, kama mtu aliyebishana na wenzake wa Ulaya kuliko alivyobishana na Wanyiha. Alikuja na hukumu nyingi juu ya desturi, na kadiri alivyojifunza lugha ndivyo hukumu zilivyompungua. Kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani, zinakiri hivyo. Mwaka 1913 Agano Jipya lilitoka kwa Kinyiha. Fikiria jambo hilo: Agano Jipya la Kinyiha lilikuwapo miaka 24 kabla ya Biblia nzima ya Kiswahili ya Karl Roehl, ile ya 1937, ambayo nayo ilijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu. 

Hata hivyo mimi nilibatizwa kwa Kiswahili, nikafundishwa kwa Kiswahili, na baba alitukemea kwa Kiswahili kwa sababu alitaka tufike mbali. Tumefika. Kinyiha changu ni cha kusalimia na kuomba maji. Mwanangu hana hata hicho.

Tulifika jioni. Mama alikuwa amekaa nje juu ya mkeka, kahawa ikikauka kwenye chanja nyuma yake. Mwanangu akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekua. Baba yako hajakua."

Kikao kilifanyika asubuhi yake, chini ya mkaratusi uliopandwa na baba, ambao sasa nauita mlingoti kama majirani. Mdogo wangu alikuwa na hoja, na haki nisimnyime. Mibuni ya baba ni ya zamani, inashikwa na chulebuni na kutu ya majani. Baba aliiona bei ikianguka mwaka 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika. Alivuna, akauza, akakuta hajalipia hata dawa, na mwaka huo mimi nilirudishwa shule kwa ada. Parachichi lina wanunuzi wanaolifuata shambani. Mama alisema kwamba kahawa ya miaka hii ya karibuni imelipa kuliko wakati wowote anaoukumbuka, na kwamba kituo cha utafiti cha Mbimba, hapa hapa Mbozi, kinatoa miche inayostahimili magonjwa hayo. Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini: kwamba mibuni ile ndiyo iliyolipia lori la kumrudisha baba kutoka hospitali.

Nilikumbuka, nikiwa nimekaa pale kama hakimu asiye na sheria, kwamba kwa Kiswahili mbuni ni mti wa kahawa, ni ndege asiyeruka, na ni mtu anayebuni. Sikuwaambia. Kuna vikao visivyovumilia mambo ya namna hiyo. Nilisema tubadilishe nusu kwa miche mipya ya kahawa, robo iwe miparachichi, robo ibaki ya baba mpaka mama atakaposema vinginevyo. Mdogo wangu alikubali upesi mno, ndipo akaungama kwamba safu ya mwisho, ile ya mtoni, alikwisha kuing'oa kwa majaribio.

Tukaenda kuitazama. Mashimo kumi na moja, udongo mwekundu umerundikwa kando. Mwanangu akaruka ndani ya shimo la tatu akatoka na bonge jeusi, zito, lenye vitundu kama mkate uliochacha, upande mmoja uking'aa kama kioo. Yalikuwamo mengine, mengi, katika kila shimo. Mibuni ilikuwa imekalia juu yake miaka yote hiyo.

"Baba, hiki ni kimondo?"

Nikalipokea. Mavi ya chuma, nikasema, na angalau hilo nililijua kwa Kiswahili. Mama alininyang'anya, akalifuta udongo kwa kanga yake, akalitaja kwa Kinyiha. Mwanangu akarudia. Mama akasahihisha matamshi yake. Akarudia tena, na mdogo wangu, aliyekuwa ameshika jembe, naye akalirudia kwa sauti ya chini kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha mama akaonyesha kwa kidole ng'ambo ya mto, kwenye kichuguu kikubwa kilichoota majani, akaanza kutueleza tanuru la babu yake lilisimama wapi.